Fundo la Pili

Nagudi alikuwa jirani yangu kabla hajawa rafiki yangu, na nilimwonea wivu katika hali zote mbili. Naanza na wivu kwa sababu siku hizi kila mtu hapa kijijini anasimulia habari hii kana kwamba aliiona mapema. Hakuna aliyeona. Sisi wanawake tunaochota maji kwenye bomba la chini, kwa mwaka mzima tulikuwa tukimtolea mfano Magomu, mume wa Nagudi, kila tukigombana na waume zetu. Wangu alichoka kulisikia jina hilo mpaka akaniambia nifunge mizigo nihamie huko.

Magomu hakuwa na mali ya kutushinda. Kahawa kidogo mteremkoni, migomba nyuma ya nyumba, ng'ombe mmoja na ndama wake. Alichotushinda nacho ni kwamba alimbeba mtoto mgonjwa mgongoni kwa shuka, mchana kweupe, siku ya soko, akapita katikati ya watu wanaocheka, naye hakuongeza mwendo.

Mtoto mwenyewe ni Khalayi, binti yao wa mwisho, mdogo wake Wozei. Alizaliwa vizuri, wiki ya tatu akapata homa kali, homa ikapoa, kisha kichwa kikaanza kukua peke yake huku mwili umebaki nyuma. Mimi nilikuwa nimeshamzika wangu wa namna hiyo. Nilimfungia ndani miezi saba kwa sababu niliambiwa ni mkosi wa upande wa mama yangu, na walioniambia ni watu ninaowaheshimu. Tulikuwa bado tumekalia matanga niliposikia kwamba Mbale kuna hospitali inayotibu vichwa vya watoto. Kwa hiyo nilipomwona Nagudi pale bombani amemfunika mwanawe uso mzima kwa kitenge, sikumumunya maneno.

"Mfunue," nilimwambia.

"Amelala."

"Macho yake yanatazama chini, siyo? Yanazama, weupe unabaki juu."

Alijitwika ndoo, akasimama nayo kichwani bila kuondoka.

"Ni maji hayo, Mama Wozei. Yanajaa ndani ya kichwa, hayana pa kutokea. Si mkosi. Ukisubiri kikao cha ukoo utamzika, kama mimi."

Mama yake Magomu, ambaye sote tunamwita Kukhu, alitaka kwanza atafutwe mtu wa kuangalia mkosi umetoka wapi. Magomu alikuwa anafunga shuka kifuani. "Mama," akasema, "mkosi tutautafuta tukirudi." Akaondoka na mkewe na mtoto. Maneno hayo yalishuka bondeni mpaka kijiji cha tatu, na mimi ni mmoja wa walioyashusha.

Wodini Magomu alikuwa mwanamume pekee kati ya akina mama ishirini na kitu. Walimchokoza.

"Baba Khalayi, na kunyonyesha unanyonyesha wewe?"

"Nikipewa ziwa, ninyime kwa nini?"

Aliwafulia nepi wengine ambao waume zao hawakutia mguu. Nagudi aliponisimulia hayo alikuwa anacheka na kujificha uso kwa kiganja. Nilicheka naye, nikaenda nyumbani, nikamnunia mume wangu siku mbili bila kosa.

Madaktari hawakumwekea Khalayi mrija. Walimtobolea njia huko huko ndani ili maji yajipitie yenyewe. Njia hiyo ni nzuri, lakini ina hila moja: inaweza kuziba. Na ikiziba, nje huoni kitu siku za mwanzo. Maji yanajaa, presha inapanda ndani ya fuvu, na ubongo unabanwa taratibu mtoto akiwa bado anacheka. Kwa hiyo mama anarudi nyumbani na kazi mkononi, nayo ni kupima.

Aliyewafundisha ni Sista Akiteng, mwanamke wa Kiteso mwenye sauti ya kukaripia hata anapokusalimu. Hakuwapa tepu za karatasi. Zilikuwa zinachanika, na akina mama wengi, Nagudi akiwemo, hawakujua kusoma namba zake. Alimpa kila mmoja uzi wa mshona viatu, uliopakwa nta, usiovutika wala kusinyaa. Kwenye uzi alifunga mafundo mawili. Unashika fundo la kwanza katikati ya paji la uso, unazungusha uzi juu ya masikio na kupita kwenye kisogo, unarudi nao mbele. Fundo la pili likifika la kwanza au likilipita, mtoto yuko salama. Lisipofika, hata kwa upana wa ukucha, unafunga mzigo siku hiyo hiyo. Kila mwezi kliniki Sista alipima kwa tepu yake na kulisogeza fundo la pili mbele kidogo, kiasi mtoto wa kawaida anavyokua. Alilisogeza yeye, si mwingine.

"Na mkono wangu?" Nagudi alimuuliza. "Nikimshika utosi nasikia."

"Shika. Ukiwa mgumu na umetuna wakati mtoto amekaa kitako na hajalia, njoo. Lakini mkono ukisema hivi na uzi ukisema vile, fuata uzi. Mkono wa mama una mapenzi na una woga. Uzi hauna mtoto."

Akina mama walicheka. Nagudi alilishika neno hilo, akaniletea mimi, na mimi nikaliona la busara sana.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kumwogesha, ndiyo ilikuwa saa ya uzi. Nagudi alishika kichwa, Magomu akazungusha. Nilikuwa nikipita uani mwao nawakuta hivyo, mtoto amekaa kwenye kigoda katikati ya mapaja ya baba yake, anataka kuula uzi. Mafundo yakikutana Magomu alimpiga busu utosini. Miezi kumi hawakukosa Jumamosi hata moja, na mafundo hayakukosa kukutana.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa imbalu, na Wozei, mtoto wao wa kwanza, alikuwa anaingia kutahiriwa. Imbalu ya mtoto wa kwanza katika nyumba yoyote ni jambo. Katika nyumba ya Magomu ilikuwa zaidi ya jambo, kwa sababu ya Namonyo.

Namonyo ni kaka yake Magomu. Alitikisika. Alisimama uani kwa baba yake mbele ya watu wote, kisu kikamgusa, akarudisha mguu nyuma. Hilo tu. Watu walimshika, wakamaliza, na usiku haujaingia ukoo mzima ulikuwa na jina la woga. Siku ile Kukhu hakuwemo ndani. Dada yake alikuwa amefariki ng'ambo ya mto na alikwenda kuzika. Huku kwetu mama wa kijana hukaa ndani ya nyumba na wanawake wenzake, anaushika mwimo wa katikati, ile nguzo inayobeba paa, na hatoki mpaka filimbi ilie. Anavyoushika mwimo ndivyo kijana anavyosimama nje. Kukhu hakuushika, mwanawe akatikisika, na kwa akili za watu hesabu ikaisha hapo. Namonyo alihamia Busoga, hakurudi hata kumzika baba yake. Magomu alikuwa na miaka tisa wakati huo. Watoto wenzake walimfuata njiani wakirudisha mguu nyuma.

Nilikuwa nayajua haya yote, na hayakunijia kichwani hata mara moja.

Siku ya Wozei ilipangwa iwe Jumanne. Jumamosi ya siku kumi kabla yake tulikuwa uani kwa Nagudi tangu asubuhi, wanawake wanane, tunakaanga unga wa pombe. Nagudi mikono ilikuwa imejaa unga mpaka viwikoni, na jasho linamtiririka.

"Baba Wozei," aliita, "mpime wewe leo. Mimi nitamchafua."

Magomu akamchukua Khalayi, akaingia naye ndani. Alikaa kidogo. Mmoja wetu akatania kwamba labda anamnyonyesha. Alipotoka, mtoto alikuwa begani, uzi umekunjwa kiganjani.

"Yamekutana?" Nagudi aliuliza bila kugeuka.

"Yamekutana."

"Kumebaki nafasi ya kukua?"

"Imebaki kidogo."

Nilisikia kwa masikio yangu haya. Sauti yake haikuwa na kitu. Akatoka kwenda kuwaalika wajomba wa kijana, na sisi tukaendelea kukaanga.

Jumatano Khalayi alitapika asubuhi. Alhamisi akatapika tena, asubuhi vile vile, kabla hajala. Kukhu akasema ni meno. Mwingine akasema ni harufu ya pombe inayochacha. Wozei alikuwa ameshaanza kucheza, njuga mapajani, amepakwa unga mwili mzima, anazunguka milima na kundi lake akiwaita jamaa, na nyumba ilikuwa haina utulivu hata wa kusikia mtoto anavyolia. Alikuwa analia kwa sauti nyembamba, ya juu, ambayo mimi nilikuwa naifahamu na sikutaka kuifahamu.

Jumamosi Nagudi alinivuta nyuma ya jiko.

"Mama Mutonyi, weka mkono hapa."

Nikaweka. Utosi ulikuwa umetuna, umekaza kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani.

"Umepima?"

"Ndiyo nataka nipime mbele yako."

Alimkalisha kwenye kigoda. Tulikuwa wawili tu. Nilishika kichwa, yeye akazungusha uzi, juu ya masikio, kisogoni, akarudi mbele. Mafundo yalikutana. Yalikutana barabara, moja juu ya jingine. Akarudia. Yakakutana tena.

"Unaona?" akasema.

"Naona."

"Sista alisema nifuate uzi."

"Alisema."

Tulitazamana. Ningeweza kumwambia, beba mtoto twende. Mimi niliyemzika wangu, mimi niliyejifanya mwalimu wake pale bombani. Nikamwambia labda ni meno. Akapumua, akambeba mtoto mgongoni, akarudi kwenye mitungi. Mara mbili siku ile nilimwona anapeleka mkono nyuma kuugusa utosi, anauondoa haraka kama mtu anayejizuia kujikuna.

Jumanne uani palijaa mpaka watu wakapanda kwenye migomba. Sisi tulikuwa ndani, mlango umefungwa. Nagudi alipiga magoti, akaukumbatia mwimo kwa mikono yote miwili, paji la uso limegusa mti. Mimi nilikuwa nimempakata Khalayi. Alikuwa ameacha kulia tangu alfajiri, amelegea, anasinzia na kuamka. Dirishani palikuwa na ufa, na mwanga wa jua ulimwangukia usoni sawasawa, ndani ya macho. Hakupepesa. Nikapitisha kidole mbele ya macho yake, nikakirudisha. Macho hayakukifuata.

Nje kukawa kimya, kile kimya cha kisu. Kisha filimbi. Kisha ardhi yote ikapiga kelele. Wozei alikuwa amesimama kama nguzo, wakasema baadaye, hata kope haikushuka. Nagudi akauachia mwimo, akatoka mbio akipiga vigelegele, akacheza. Sijawahi kumwona mtu anacheza vile. Magomu alikuwa anapigwa mabega na wazee, analia waziwazi, na mimi nilisimama mlangoni na mtoto wao mikononi, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa saa nzima. Nilijiambia nimwache mama wa watu apate saa moja. Sijajisamehe, lakini hayo ni yangu, na hii ni habari ya Nagudi.

Nilipomwambia hakupiga kelele. Alikwenda kumpitishia Khalayi mkono mbele ya uso mara tatu, akavua shanga za sherehe, akamwambia Magomu, "Tunakwenda." Magomu hakuuliza wapi. Magari hayakuwepo, madereva wote walikuwa wamelewa imbalu za watu. Tulishuka kesho yake na lori la kwanza la kabichi, Nagudi mbele na mtoto, mimi na Magomu nyuma juu ya magunia. Njia nzima Magomu hakunisemesha. Nilidhani ni uchungu.

Sista Akiteng alitupokea mlangoni. Alimtazama Khalayi mara moja akaacha kukaripia, na hapo ndipo nilipoogopa. Alizungusha tepu yake. Akazungusha tena. Daktari alikuja, wakampaka dawa utosini, wakapitisha sindano nyembamba, na kwenye sindano wakaunga kijibomba cha kioo kilichosimama wima, chenye alama pembeni. Maji yalipanda. Yalikuwa meupe, safi, ungeweza kuyanywa. Kwa mtoto mzima, Sista alituambia, yanasimama chini kabisa, hayafiki alama ya kumi. Yale yalipita kumi, yakapita ishirini, yakapita thelathini, yakafika juu na kuanza kudondoka. Magomu alitazama ukutani.

Njia ilikuwa imeziba. Mchana ule ule walimpeleka chumba cha upasuaji kumtia mrija. Tukakaa kwenye benchi la nje pamoja na akina mama wengine, Magomu katikati na mfuko wa nguo za mtoto mapajani. Sista akaja na daftari la Khalayi.

"Mama Khalayi. Nilikufundisha nini mimi?"

"Uzi ulikutana, Sista."

"Usinambie ulikutana. Kichwa kimeongezeka sentimita mbili juu ya kipimo changu. Hiyo si ya jana, ni ya siku nyingi."

"Nilipima Jumamosi kwa mikono yangu. Mwulize huyu. Ulikutana."

"Leta huo uzi."

Nagudi aliutoa kifuani. Sista akaulaza juu ya tepu, fundo hadi fundo, akainama, akainuka taratibu.

"Mwezi uliopita niliuacha arobaini na saba na nusu. Imeandikwa hapa. Leo ni arobaini na tisa. Umesogeza fundo."

"Sijaligusa."

"Basi limetembea lenyewe." Sauti ilipanda, benchi zima likageuka. "Mnafanya hivi, nyinyi. Mnaona kliniki ni mbali, mnaona kuna sherehe, mnajidanganya wenyewe. Kisha mtoto ndiye anakuja kupofuka. Nyumbani kwenu kulikuwa na imbalu, siyo? Naona unga mpaka kwenye nywele."

"Sijaligusa, Sista. Haki ya Mungu."

"Mama mzima. Nilikuwa nakusifu kwa wenzio."

Mwanamke wa pembeni akasonya, akasogeza mtoto wake mbali na Nagudi. Na Magomu alikuwa amekaa hapo, katikati yetu, bega lake linagusa bega la mkewe. Alikuwa anatazama viatu vyake. Alimwacha Sista aseme, akasema yote, mpaka akaishiwa.

Nagudi akanyoosha mkono, akachukua uzi. Nadhani alitaka tu kuona kosa lake lilipo. Akalisogeza fundo karibu na macho. La kwanza lilikuwa dogo, bapa, kama manesi wanavyofunga vidonda. La pili lilikuwa limezungushwa mara mbili na kubanwa kwa chini. Alilitazama muda mrefu. Ni fundo alilokuwa akilifungua kila asubuhi ya Mungu kabla ya kukamua, kwa sababu Magomu ndiye anayemfunga ndama jioni, na hafungi kwa namna nyingine.

"Mama Mutonyi," aliniambia polepole, "hili ni fundo la ndama wetu."

Hakumgeukia mumewe. Aliendelea kulitazama. Magomu ndiye aliyesema.

"Ni mimi."

Sista alifunga daftari.

"Ile Jumamosi ya unga?" Nagudi aliuliza.

"Lilipungua kidogo tu. Kama ukucha. Nilisema ni siku kumi, imbalu ikiisha tu nakuleta mwenyewe. Hata ndizi za kula njiani nilikuwa nimeshatenga."

"Ungenionyesha."

"Ningekuonyesha ungeondoka siku ile ile."

"Ndiyo."

"Na usingerudi mpaka wiki mbili. Na Wozei angesimama na nani ndani?"

"Angesimama na miguu yake."

"Ndivyo walivyosema kwa Namonyo."

"Nilikuuliza," Nagudi akasema. Ndipo alipomgeukia. "Nilikuuliza, yamekutana? Ukasema yamekutana. Nikakuuliza kumebaki nafasi. Ungeweza kunyamaza hapo, Magomu. Ukasema imebaki kidogo."

Hakumwita Baba Wozei. Tangu siku ile hajamwita hivyo.

"Nimempima Jumamosi ya pili," aliendelea, sauti ya chini kabisa. "Mkono wangu uliniambia. Nikaukataa mkono wangu, nikaufuata uzi wako."

Na mimi, niliyemtangaza Magomu kwenye bomba la maji, niliyemnyima mume wangu chakula kwa ajili ya sifa zake, nilikuwa nataka kumpiga na mfuko wa nepi. Najua ilivyo kupigwa na mtu mbaya, unajikunyata mapema. Kwa huyu hatukujikunyata.

Khalayi alitoka salama. Mrija ulifanya kazi, utosi ukalegea, kutapika kukakoma, siku ya nne akaanza kucheka. Siku ya tano daktari wa macho alimulika tochi ndani ya jicho moja, kisha la pili. Akatuambia mshipa unaounganisha jicho na ubongo umebanwa na presha siku nyingi mno, umekufa. Nagudi akauliza, angeletwa siku ya kwanza uzi ulipokosa kufika? Daktari alikuwa kijana, hakujua kilichopita benchini. Akajibu tu alivyosoma. Akasema angekuwa anaona.

Magomu alikuwa amesimama mlangoni. Aliyasikia.

Wozei alisimuliwa akiwa bado amelala na kidonda, shangazi yake alishindwa kujizuia. Watu walikuwa wanamletea kuku na kumsifu kwa kusimama. Baba yake aliporudi kutoka Mbale akaingia kumjulia hali, kijana aliinuka kwa kiwiko.

"Baba, ungeniuliza mimi kwanza," akasema. "Ningekwambia mwende."

Kuku wale hakuwala.

Nagudi hakuondoka. Wanawake wanamcheka kwa hilo, na wengine wanamsifu, na wote hawajui wanachosema. Kwao wazazi wamekufa, hospitali inakwendewa kila mwezi, na Khalayi anampenda baba yake kuliko mtu yeyote chini ya jua. Amejifunza kutembea kwa kufuata sauti yake. Magomu akikohoa kule kwenye kahawa, mtoto ananyoosha mikono upande huo na kuanza safari, na Magomu anatupa jembe na kukimbia kabla hajaanguka. Bado ni baba mzuri. Ningekuwa naweza kusema ni mtu mbaya, ingenipunguzia kazi.

Mrija nao unaweza kuziba, kwa hiyo kupima hakujaisha. Nagudi alikataa uzi mpya. Alikuja kwangu jioni za mvua akajifunza namba, kuanzia moja, akitumia punje za mahindi, mwanamke wa miaka thelathini na saba anayetukana kila ilipofika nane. Sasa ana tepu ya kitambaa ya fundi cherehani, na daftari analoandika mwenyewe. Vyote viwili anavitia kwenye kifuko anachokivaa shingoni, hata akioga anakitundika mahali anapokiona. Jumamosi anakaa uani peke yake na mtoto, anashika kichwa na kuzungusha mwenyewe. Ni vigumu kwa mikono miwili. Hataki msaidizi.

Magomu anakuja anasimama kwenye kona ya nyumba. Mwanzoni alikuwa akiuliza. Nagudi hamjibu kwa hasira wala kwa upole, anaandika, anafunga daftari, anamwogesha mtoto. Siku ya kliniki anakwenda yeye na mimi. Namba anaijua Nagudi, naijua mimi, anaijua Sista Akiteng.

Jumamosi iliyopita Magomu alinikuta kwenye njia ya bomba. Amekonda. Alinisalimia, akaniuliza habari za watu wangu, akasimama tu hapo na kofia mkononi.

"Mama Mutonyi," akasema, "kichwa kinaendeleaje?"

Kinaendelea vizuri. Hakijaongezeka hata nusu ya sentimita kwa miezi mitatu, Sista mwenyewe amefurahi. Neno moja tu lingemtosha mtu yule akalala.

Nikamwambia akamuulize mkewe, nikajitwika ndoo yangu.